Kenchi za kiwandani au za fundi? Nimepaua kwa za kiwandani, haya ndiyo yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama uagize kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) zilizoungwa kiwandani au umwachie fundi akate mbao palepale saiti. Nyumba yangu nimeipaua kwa za kiwandani na ningejenga tena ningerudia hizohizo. Tabu nilizopata zilitoka kwangu na kwa mafundi wangu, kiwanda hakimo.

Kwanza elewa unachonunua. Kila maungio yanashikwa na vibati viwili vya meno, kimoja kila upande. Ni bamba la chuma lenye zinki, unene kama milimita 1, lililotobolewa hivi kwamba kila tundu limeacha meno yamesimama. Mashine inakandamiza meno yote yanazama kwenye mbao kwa mkupuo mmoja. Ufundi huu ulianzia Florida, Marekani, miaka ya 1950. Kwa sababu kila mbao imepigiwa hesabu, ipi inavutwa na ipi inabanwa, mbao zenyewe ni nyembamba. Baba mkwe alipoziona kwenye lori aliuliza kama ni za paa au za dari. Nguvu iko kwenye maungio, na kenchi zinapangwa karibukaribu, mara nyingi kila sentimita 60.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Niliagiza kwa kufuata ramani wakati kuta ziko usawa wa madirisha. Ramani ilisema mita 8.40. Ukuta ulipoisha, upande mmoja ukasoma 8.40, wa pili 8.46. Fundi akikata mwenyewe angefidia bila hata kukwambia, lakini kenchi iliyoungwa haiongezeki. Bahati yangu ukuta ulikuwa mpana kuliko mtambaapanya, yaani mbao inayolala juu ya ukuta ambayo kenchi zinakalia, tukausogeza mtambaapanya ndani kidogo kila upande. Wewe subiri kozi ya mwisho ya ukuta ikauke, pima upana sehemu tatu, pima na pembe kwa pembe, ndipo upeleke vipimo.

La pili liliniuma zaidi. Vijana wa kushusha walibeba kenchi zimelala, mmoja huku mmoja kule, katikati imebonyea kama machela. Nikasikia mlio mdogo, krrr, nikapuuza. Jioni nilipozikagua, kibati cha katikati kwenye mbao ya chini kilikuwa kimenyanyuka upande mmoja, ukucha unapita chini yake. Fundi akanyanyua nyundo akirudishie. Nikamzuia nikampigia mhandisi wa kiwandani, na nashukuru nilifanya hivyo. Meno yakishang'oka yanakuwa yamechana mbao, ukiyagonga yanarudi kwenye matundu yaliyolegea. Kwa macho imepona, kumbe haina mshiko. Akatuma mchoro wa kurekebisha: vipande vya plaiwudi pande zote mbili, na misumari imeonyeshwa mmojammoja inakaa wapi. Kenchi inabebwa imesimama, kama mnavyobeba kioo cha dirisha. Na ikihifadhiwa isilale kwenye udongo, iwekee magogo ya kukalia.

Kusimamisha tulifanya vizuri, nitapita haraka. Ya kwanza ifungwe imara kwa mbao za muda na upime kwa timazi, kwa sababu zote zinazofuata zinaiegemea. Ikilegea hiyo, zinaangukiana kama dhumna, na watu wako juu. Halafu kuna mbao za mshazari za kudumu. Fundi atakwambia papi, zile mbao zinazokatiza juu ya kenchi kushika ezeko, zinatosha. Hazitoshi: papi zinaweza kukubali safu nzima ilale upande mmoja kwa pamoja, na mshazari ndio unaokataa. Kila kenchi pia ifungwe kwa ukanda wa chuma hadi kwenye ukuta, kwani upepo hauli paa kwa kulisukuma tu, unalinyanyua.

Sasa fundi bomba. Nilirudi mchana nikamkuta darini ameshazamisha msumeno nusu ya mbao ya katikati ya kenchi, anataka nafasi ya tangi la lita 500. Kwenye paa la kukata saitini pengine angehamisha nguzo mambo yakaendelea. Kwenye hizi, mbao ile ndiyo iliyoshikilia jirani zake. Ikabidi nimsumbue mhandisi tena kwa mchoro mwingine, na tangi nikalijengea mnara nje. Lita 500 ni nusu tani, mkuu. Kama unalitaka darini, lisemwe siku ya kuagiza, pamoja na tundu la kupandia. Na kuta za vyumba ambazo hazikupangwa kubeba paa ziishie kama sentimita 1 chini ya mbao ya chini ya kenchi. Zikigusa zinaanza kubeba, na mbao iliyopigiwa hesabu ya kuvutwa inaanza kubanwa.

Je, kuna mahali ningemwachia fundi? Ndiyo. Banda dogo, au paa la kona nyingi ambalo kila kenchi itakuwa na umbo lake, au kiwanja ambacho lori haliingii na kenchi itabidi izungushwe kwenye vichochoro. Ya kwako umesema ni mstatili na barabara ipo, kwa hiyo mimi ningeagiza. Kuta zikiisha weka vipimo hapa, vyote vitatu vya upana, tuvitazame kabla hujalipia.