Kabla hujalifungua hilo faili

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeuliza: yule John Githongo wa Kenya alikuwa na cheo cha Katibu Mkuu katika Ofisi ya Rais, akafichua wizi, akaishia kuishi Uingereza, je, mtu wa cheo cha juu hapa kwetu akikuta malipo ya uongo afanyeje ili ukweli utoke na yeye abaki na kazi yake? Hukusema kama umeyaona au unauliza tu. Usiniambie, hasa kwa simu.

Githongo wengi wanamjua nusu. Aliteuliwa Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipoingia na ahadi ya kuifuta rushwa, akitokea Transparency International ya Kenya, shirika la kupinga rushwa. Mwaka uliofuata ikaibuka kashfa ya Anglo Leasing. Mfumo wa pasi za kusafiria ambao kampuni ya Ufaransa iliutajia euro milioni 6, ukapewa Anglo Leasing kwa milioni 30, na kampuni yenyewe haikuwa na zaidi ya anwani kule Liverpool. Habari ilipovuma, karibu euro milioni moja zilizokwisha lipwa zikarudishwa serikalini kimya kimya. Hapo ndipo mkaguzi anapokaza macho, kwa sababu mzabuni wa kweli harudishi hela kwa kuogopa gazeti.

Githongo alikuwa akiandika kila kitu kwenye shajara, baadaye akarekodi mazungumzo, na alikuwa akimweleza Rais mwenyewe. Februari 2005, akiwa London, akajiuzulu. Novemba mwaka huohuo akamwandikia Rais ripoti ndefu, Januari 2006 ikawa gazetini, na Februari mawaziri wawili waliotajwa humo wakakaa pembeni. Watu huishia hapo. Lakini mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilimwamuru amlipe waziri mmoja wa zamani shilingi milioni 27 za kule kwa kumchafulia jina, kwa yaliyoandikwa kwenye ripoti ileile. Miaka kumi na minne baada ya kujiuzulu!

Na yeye alikuwa mkubwa, mwenye marafiki Ulaya. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyeona malipo ya kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu isiyokuwepo, aliwapa wabunge wa upinzani nyaraka, akakamatwa 1993, akafukuzwa kazi. Tuzo alipewa. Alifariki 2006 akiwa maskini.

Sasa tuje kwako. Watu hudhani cheo ni kinga, kumbe kadiri unavyopanda ndivyo unavyovuliwa. Mtumishi wa kawaida akituhumiwa hupewa hati ya mashtaka, hujibu kwa maandishi, inaundwa kamati ya uchunguzi, na asiporidhika ana siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Hata akisimamishwa anapata angalau nusu mshahara. Mwenye kiti cha uteuzi hutenguliwa kwa mstari mmoja wa taarifa kwa umma, na sababu si lazima isemwe. Kwa hiyo barua yako ya ajira ya mwanzo na ile ya kuthibitishwa kazini zitoe nakala, ziweke nje ya ofisi. Uteuzi ukitenguliwa, utumishi wako bado upo, na karatasi hizo ndizo zitakazosema hivyo.

Ushahidi ndiyo sehemu watu wengi wanapoharibikia. Mtu anaona jambo, anabeba faili zima nyumbani. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote, maana likiwa na muhuri wa SIRI umejitengenezea kesi wewe, na aliyeiba anageuka shahidi dhidi yako. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wana uwezo wa kisheria wa kuichukua nyaraka yoyote ofisini. Wanachokosa ni kujua waichukue ipi. Andika tu namba ya kumbukumbu ya faili, namba ya folio (ya karatasi ndani ya faili), tarehe, namba ya vocha ya malipo na kiasi. Mistari mitano kama hiyo inamfikisha mpelelezi kwenye karatasi yenyewe, nawe hujaiba kitu.

Usipekue pia kwenye mfumo. MUSE ya malipo ya serikali na NeST ya manunuzi zinatunza nani kafungua nini na saa ngapi. Ukifungua malipo ya idara isiyokuhusu saa mbili usiku, siku ya kutafuta aliyevujisha jina lako litakuwa la kwanza. Soma kile tu kinachopita mezani kwako kihalali. Kwa cheo chako kinapita kingi cha kutosha.

Nikupe mfano wa vocha, uone jinsi karatasi inavyosema. Tuseme imelipwa mifuko 800 ya saruji. Mfuko ni kilo 50, basi hiyo ni tani 40, yaani safari nne za lori la tani 10. Hati ya mzigo inaonyesha lori moja, siku moja. Daftari la mlinzi getini siku hiyo halina lori lolote. Kadi ya stoo inaonyesha mifuko 800 imeingia na 800 imetoka tarehe ileile, imesainiwa na mtu mmoja pande zote mbili. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, imetolewa siku mbili kabla ya oda ya ununuzi. Na ankara ni namba 018 ya Oktoba, wakati ile ya Julai mliyolipa ilikuwa 017: muuzaji huyo hana mteja mwingine duniani ila nyie. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji ujasiri. Zinahitaji mtu wa kuzipanga upande kwa upande. Na angalia, moja peke yake si wizi. Mlinzi anaweza kuwa alilala.

Silaha yako kubwa ni dokezo, mwanangu, yaani ujumbe mfupi wa ndani ya ofisi unaoingia kwenye faili. Ukipewa maelekezo ya mdomo ulipe, usigombane wala usikatae kwa kelele. Rudi mezani, andika dokezo sabili: "Kufuatia maelekezo yako ya leo kuhusu malipo haya, nimebaini hati ya mapokezi haijaambatishwa. Naomba mwongozo wa maandishi." Lipe folio. Mara nyingi malipo hayo hufa hapohapo, kwa sababu afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za ofisi, anajua akiandika "lipa" chini yake, deni limehamia kwake. Wenye kuhimiza kwa mdomo hawapendi kalamu. Na asipojibu, ukimya wake nao umeingia kwenye faili. Pembeni uwe na daftari lako la kurasa zilizoshonwa, si za kuchomoa, uandike tarehe na saa, kwa maneno makavu, bila matusi wala dhana. Siku moja litasomwa na wakili wa upande wa pili.

Pa kupeleka: mkaguzi wa ndani kama ni mtu wa kuaminika, na hilo unalijua wewe. Wakaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndiyo njia ya kimya. Hesabu hufungwa Juni 30, hupelekwa kwao kufikia mwisho wa Septemba, kisha wanakuja kukaa hapo kwenu. Mkaguzi akielekezwa vocha moja tu, inakuwa hoja ya ukaguzi, na hoja haina jina la aliyeisema. Ripoti inafika kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha Bungeni. Ni polepole, lakini polepole hiyo imewalinda wengi. TAKUKURU wapo kila mkoa na wilaya, simu ya bure ni 113. Jua tu kwamba hata wakikamilisha uchunguzi, makosa mengi hayafiki mahakamani bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, hivyo usihesabu kwa wiki.

Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo. Inamlinda aliyepeleka kwa mamlaka husika kwa nia njema, akiwa na sababu ya msingi ya kuamini. Aliyetupia picha ya vocha kwenye kundi la WhatsApp haimjui. Huo ndio mpaka, na wengi wanauvuka kwa hasira ya usiku mmoja.

Kuhusu barua isiyo na jina: hatari yake haiko kwenye mwandiko, iko kwenye yaliyomo. Ukiandika jambo lililosemwa kwenye kikao cha watu watatu, umeshajitaja. Andika yale ambayo dereva, mtunza stoo na mhasibu wote wangeweza kuyaona.

Kisha jisafishe kwanza. Kisasi hakiji kwa jina la kisasi. Kinaanza na "masurufu yako (fedha uliyopewa mapema) ya safari ya Mwanza hayajarejeshwa" au "tamko lako la mali halionekani." Rejesha masurufu yote, tunza risiti, na tamko la Sekretarieti ya Maadili lifike kabla ya Desemba 31, ukiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukihamishwa ghafla, nenda, na makabidhiano yafanyike kwa maandishi, faili kwa faili. Wengi huja kubambikiwa upotevu wa vitu ambavyo hawakuvikabidhi kwa orodha.

Githongo alieleza kwamba walimgusia hata deni la baba yake. Basi ujue: nyumba hii ya Ujiji haina mkopo, na sidaiwi na mtu zaidi ya elfu kumi na tano ya dagaa.

Umeuliza kama umwambie mumeo. Mwambie kuna jambo zito kazini na huenda mkahama au mkaishi kwa nusu mshahara, mjipange kwa miezi sita. Majina na namba za vocha usimpe. Akiulizwa, ajibu kwamba hajui, na iwe kweli.

Dumu la mawese nimelikabidhi kwa mtu wa treni ya kesho, atakupigia akifika stesheni ya Dodoma.

Mama yako