Kabla kundi lenu halijashika majembe

Mkuu, umeuliza kundi lenu la watu ishirini lianzie wapi, maana mmejitolea Jumamosi moja kwenye bustani ya jamii. Nikujibu kwa kukusimulia tulivyoharibu sisi.

Mara ya kwanza tulikwenda watu 26, majembe saba. Piga hesabu mwenyewe. Saba wanalima, kumi na tisa wanapiga soga, tena wamesimama juu ya matuta, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, ukija kukauka ni kama tofali. Kona moja ilijaa magugu yaitwayo ndago. Tukaitifua yote, tukapiga picha, tukaondoka kifua mbele. Wiki tatu baadaye mama anayeitunza ile bustani akanipeleka pale konani: ndago zimesimama nyingi kuliko zamani. Kumbe chini ya ardhi zina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga, na jembe likikata ule uzi kila kiazi huchipua kivyake. Hakunifokea. Alisema tu, "Si mngeniuliza?"

Basi wiki moja kabla, wewe na mwenzako mmoja nendeni mkamuulize anayeshinda pale kinachomchosha ni nini. Sisi tuliona magugu, yeye alikuwa anaumizwa na njia: toroli haipiti, samadi anaihamisha kwa ndoo.

Safari ya pili tulikuwa kumi na wawili. Tukayapanga upya matuta, upana mita 1.2, ili mtu afike katikati kutoka upande wowote bila kukanyaga, na njia tukaziachia sentimita 60. (Mkiwa na mtu wa kiti cha magurudumu, fanyeni 90 au zaidi.) Juu ya matuta tukaweka matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse mashina. Kazi hiyo hata watoto wanaiweza, ila nyasi ziwe hazijatoa mbegu.

Mimi nilinogewa na mboji, yaani mbolea ya majani na samadi vilivyooza. Lundo liwe kama mita moja kila upande, likiwa dogo joto halikai. Majani makavu yazidi, mabichi na samadi vifuate, kisha maji hadi ukikamua konzi moja litoke tone au mawili. Lundo zuri hupita nyuzi 55 za Selsiasi ndani ya siku chache, na joto hilo likidumu huua mbegu nyingi za magugu. Viazi vya ndago sikuvitia humo, nilishakoma.

Sasa lundo hilo linataka kugeuzwa, na Jumamosi yenu itakuwa imeshapita. Maji nayo vilevile. Kipindi cha ukame, mboga huhitaji takribani lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, kwa hiyo tuta la mita za mraba 6 tu ni lita 150, yaani ndoo kumi na tano za lita kumi. Mtu mmoja, matuta kumi, azibebe hizo? Kabla hamjatawanyika siku hiyo andikeni zamu, wawili wawili, majina yabaki ukutani. Kwetu wameshabaki watano. Mimi zamu yangu ni Alhamisi.