Dharura kubwa inatangazwa lini? Majibu ya maswali yenu

Baada ya kuandika kuhusu Grenfell, lile ghorofa la London lililoungua Juni 2017 wakafa watu 72, nimeulizwa sana hili la polisi, zimamoto au ambulansi kutangaza dharura kubwa, yaani kutoa taarifa rasmi kwamba tukio limezidi uwezo wao wa kawaida, najibu kwa jinsi Waingereza wanavyofanya.

Majeruhi wafike wangapi ndo watangaze?
Hamna idadi. Wanaangalia kama kazi imezidi uwezo wao wa kila siku, yaani majeruhi kumi mjini kwenye hospitali tatu wanaweza wakahudumiwa kawaida tu, ila hao hao kumi usiku kijijini kwenye ambulansi moja, hapo tayari. Na sio lazima mtu aumie, hata mafuriko ya kuhamisha mtaa mzima yanatosha.

Si mpaka mkubwa wao aseme?
Hapana, hata ambulansi ya kwanza kufika inaweza kutangaza. Na hapa pagumu jamani, mhudumu mmoja wa ambulansi hiyo hatakiwi kuanza kutibu hata watu wakimvuta nguo, anashika redio na kutuma ripoti wanayoiita METHANE: dharura imetangazwa au bado, ni wapi hasa, ni tukio gani, kuna hatari gani, magari yapite wapi, majeruhi wangapi, vikosi gani vipo na vipi vinatakiwa. Ataonekana hana huruma lakini bila ile ripoti hospitali hazitoi vitanda wala haziiti madaktari waliolala.

Wakitangaza halafu ikawa ndogo?
Wanafuta, magari yanarudi. Bora hivyo mara mia kuliko kuchelewa.

Grenfell walichelewa?
Ndio, na kibaya zaidi kila kikosi kilitangaza kivyake. Simu ya kwanza ya moto ilipigwa saa 6:54 usiku, polisi wakatangaza saa 7:26 ila hawakuwaambia zimamoto wala ambulansi, zimamoto wakaja kutangaza saa 8:06, ambulansi saa 8:26. Fikiria huo muda wote kuna watu juu wako kwenye simu wanaomba msaada, na taarifa zao haziwafikii vizuri waliokuwa chini. Hili linaniuma kuliko yote. Tume ya uchunguzi ikapendekeza kikosi chochote kikitangaza kiwajulishe wenzao haraka iwezekanavyo, kitume na METHANE, na vyumba vyao vya simu viunganishwe.