Jani limetobolewa, mbona halikauki?

SWALI: Mambo vipi mhariri, nina mlimao nyuma ya nyumba, wadudu wameutoboa majani mpaka yamekuwa kama chekeche ila bado ya kijani tu. Maji yanapitaje na mishipa imeshakatwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Poa kabisa. Chukua jani moja liinue kwenye jua, utaona ile mishipa midogo haijaishia hewani kama matawi, inaungana inafanya vijiduara kama wavu wa samaki, sasa njia moja ikikatwa maji yanachepuka pembeni kama daladala inavyokwepa foleni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitoboa jani la mlimao (ndio, mlimao kama wako!) wakapitisha rangi inayong'aa, ikazunguka tundu ikafika ng'ambo. Jani la ginko, mti wa kale wa China, mishipa yake inagawanyika tu bila kuungana, huko rangi ikagoma.

Vijiduara hivyo vina gharama lakini. Kama hakuna mdudu wala upepo wa kuchana, na kila sehemu inataka maji yaleyale muda wote, matawi matupu yangetosha na yangekuwa rahisi kujenga, kwa hiyo mlimao wako unalipa bima. Na ule mshipa mnene wa katikati si urembo, maana bomba ukilipunguza upana nusu, kwa msukumo uleule maji yanayopita yanashuka mara 16, sio mara mbili kama wengi tunavyodhani. Ukikatwa huo ndo balaa kidogo, ingawa hata hapo mlimao unajitahidi.