Jibu: Idara tatu, kazi moja Lamu

Assalam aleikum mwalimu. Nimekuelewa: umewaleta Lamu wanafunzi wa usanifu majengo, baiolojia na historia wafanye kazi moja, lakini kila idara imeandika sura yake, kisha wakazibana pini tu.

Kwanza litazame swali ulilowapa. Likigawanyika, watagawana. Kazi yangu ni kuwasaidia wahadhiri kufundisha, na mwaka wa kwanza nilikosea hapo hapo: nilitoa mada "Urithi wa Lamu", nikapokea ripoti tatu ndani ya jalada moja.

Mara ya pili niliwaingiza kwenye nyumba ya mawe, nikawaambia watazame dari. Boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, nyingine bado zina rangi nyekundu. Swali likawa moja: kwa nini chumba ni chembamba hivi? Wa usanifu akapima, upana haukufika mita 3. Wa baiolojia akaeleza mkoko ulionyooka hufika urefu gani, maana chumba hakiwezi kuzidi urefu wa boriti. Wa historia akataja majahazi yaliyopeleka boriti Uarabuni. Mwenye nyumba naye akawauliza: "Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, dari ikioza ningeitengeneza kwa kitu gani?" Hapo wakabishana wenyewe kwa wenyewe, mimi nikanyamaza.

Alama, nusu ziwe za kikundi, na kila mmoja aeleze kwa mdomo sehemu isiyo yake. Kuwashawishi wakuu wa idara wazihesabu saa za kufundisha kwa pamoja kuwa kazi ya kila mhadhiri bado kunanishinda. Anza na mhadhiri mmoja aliye tayari.