Kila mkutano upewe ukurasa wake: jedwali moja refu lilivyonila miaka mitatu

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja anayenisoma hapa, kaandika: "Kaka habari za kazi. Nina saiti ya kuorodhesha makongamano ya sekta yetu, nimeshaweka zaidi ya mia mbili, yote yapo ukurasa mmoja nimeyapanga kwa tarehe vizuri kabisa. Mwaka unaisha sasa, mtu akigugo hata jina la mkutano nilioweka mimi sionekani. Nakosea wapi?"

Nikabaki nimeishika simu tu. Huyo dada ni mimi kabisa wa miaka ile. Nikamjibu kwa kifupi nikamwahidi nitaandika kwa urefu, ndo hii sasa, maana najua wengi mnaopita hapa mnatafuta kitu hicho hicho, mtu akitafuta mkutano wowote wa fani yenu basi aanze kukutana na nyie.

Saiti yangu ni ya mikutano na maonyesho ya uchapishaji na vifungashio. Nilianza na jedwali. Jina, tarehe, mji, linki ya waandaaji, basi. Kila wiki naongeza mistari, jedwali likarefuka mpaka ukilifungua kwenye simu mkono unachoka kuskroli, na mi nilikuwa najivunia kweli kweli, nasema hakuna mwenye orodha kama hii. Na hakukuwa na mtu kweli. Wasomaji tu ndo hawakuja.

Halafu ikaja 2020. Kwa wasioijua, drupa ndo maonyesho makubwa ya uchapishaji, yanafanyika Düsseldorf, Ujerumani, tangu 1951. Mwaka ule yalipangwa Juni 16 hadi 26. Machi wakatangaza yameahirishwa mpaka Aprili 2021, baadaye nayo ya ana kwa ana ikafutwa wakafanya kitu cha mtandaoni siku nne, na watu wakaja kukutana tena uso kwa uso mwaka 2024. Sasa fikiria watu wangapi kipindi kile walikuwa wanatafuta drupa ipo au haipo, tiketi zinakuwaje, tarehe mpya lini. Mimi nilifanya nini? Niliufuta ule mstari kwenye jedwali. Niliona tukio halipo kwa hiyo mstari hauna kazi. Swali moja ambalo fani nzima ilikuwa inauliza, na mimi mwenye "orodha kubwa kuliko zote" nikafuta jibu. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Baada ya hapo nikamlipa developa anitengenezee kalenda. Kwa macho ilikuwa nzuri, unabonyeza tukio kinafunguka kidirisha chenye maelezo, ukifunga kinapotea. Nikaizindua kwa mbwembwe zote. Kumbe kile kidirisha hakina anwani yake, kule juu kwenye anwani kinachobadilika ni maneno yanayofuata alama ya reli (#) tu, na Google kwa kawaida kinachofuata alama hiyo haikihesabu kama ukurasa mwingine. Yaani mikutano yangu 260 yote mbele ya Google ilikuwa ukurasa mmoja. Kilichokuwa na anwani ni miezi, tena kitufe cha mwezi ujao hakikuwa na mwisho, roboti ya Google, ile programu inayopita kusoma kurasa, ikawa inatambaa miezi ya miaka kumi mbele ambayo haina tukio hata moja. Nilipomfuata developa akanijibu aliombwa kalenda na kalenda ameleta. Simtaji na wala sina haja, ila ile kauli haijanitoka.

Kilichonifungua macho ni saiti moja iliyoanza nyuma yangu kabisa, ina mikutano michache mno ukilinganisha na mimi, lakini kila ninachotafuta wao wapo juu. Usiku mmoja nikakaa kuichambua, natafuta siri yao. Siri yenyewe ni kwamba kila mkutano ulikuwa na ukurasa wake. Wenye anwani yake, taitoli yake, maelezo yake.

Na ukifikiria ni kitu cha wazi. Mtu anayejiandaa kusafiri au kulipia banda hatafuti "orodha ya mikutano". Anaandika jina la mkutano na mwaka, au jina na mji, au jina na "usajili", au "mwisho wa kutuma mada". Taitoli ya ukurasa ni moja tu, huwezi kuibebesha majina 260. Kila mkutano upewe ukurasa wake, hili nitalirudia mpaka mchoke.

Ila subirini, usikimbie kufanya nilichofanya mimi. Nilivyogundua hivyo nikatengeneza templeti, yaani ukurasa wa mfano wa kujaziwa, wikiendi moja kurasa 260 zikatoka. "Mkutano huu ni fursa adhimu kwa wadau wa sekta kukutana na kubadilishana uzoefu", kinachobadilika jina, mji na tarehe. Nikaitumia Google sitemapu, yaani faili lenye anwani za kurasa zangu, nikawa nasubiri. Baada ya wiki kadhaa Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye saiti jinsi Google inavyoiona, inaniambia kurasa nyingi zimesomwa lakini hazijaingizwa kwenye faharasa, ile orodha ya kurasa ambayo Google inatolea majibu. Yaani Google imekuja, imeangalia, imeondoka. Wakati ule nililaumu kila kitu, nikasema wananibania kwa sababu saiti ni ndogo. Lakini kwa nini iziweke? Hazikuwa na kitu ambacho saiti ya waandaaji haina. Na tangu Machi 2024 sera zao za spamu zinataja wazi wazi kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa lengo la kuranki tu, yaani kupanda juu kwenye matokeo, kwa hiyo anayekuuzia programu ya kukutolea kurasa elfu moja kwa dakika, mkimbie.

Nikazifuta karibu zote. Nikabaki na mikutano 40 ambayo naijua, kuna niliyohudhuria na kuna ambayo nina watu wa kuwauliza, nikaandika mmoja mmoja kwa mkono. Jioni baada ya kazi, kurasa mbili au tatu zikitoka ni siku nzuri. Huo mda ndo ulionijenga na sitaupamba, ulikuwa kazi.

Ninachoweka ni kile mtu angeniuliza kama tumekaa naye. Mkutano unamfaa nani hasa, mwenye mashine au muuza karatasi au mbunifu? Unafanyika kila baada ya mda gani, maana drupa ni kila miaka minne na interpack, maonyesho ya vifungashio, ni kila miaka mitatu, mtu akikosa anatakiwa ajue anasubiri mpaka lini. Usajili unafungwa lini, mada zinapokelewa mpaka lini, barua ya mwaliko kwa ajili ya viza inaombwa wapi (hili swali linatafutwa kuliko mnavyodhani, na waandaaji wengi wanalificha chini kabisa ya saiti yao). Lugha ya vikao ni ipi. Mwaka uliopita ilikuwaje. Ukiandika hayo kwa maneno yako, ukurasa wenyewe unatofautiana na mwingine bila kulazimisha.

Taitoli: jina kama watu wanavyolitamka, mwaka, mji. Tarehe andika mwezi kwa neno, 04/05 kuna atakayesoma ni Mei na mwingine Aprili. Mambo muhimu yawe maandishi, msiweke bango la picha lenye tarehe ndani yake mkadhani mmemaliza.

Halafu kuna ile data iliyopangwa ya Schema.org, yaani maelezo ya tukio yaliyoandikwa kwa mpangilio ambao Google inauelewa, mnayoweka kwenye kodi ya ukurasa kwa mtindo wa uandishi unaoitwa JSON-LD. Msiogope, ni mistari michache. Google wanataka angalau jina, tarehe ya kuanza na mahali, na wao wenyewe wanasema kila tukio liwe na anwani yake ya pekee, sio mimi nimetunga. Tarehe huko inaandikwa mwaka kwanza, mfano 2024-05-28. Na kuna sehemu ya hali ya tukio, hapa ndo napapenda kutokana na yaliyonikuta 2020: tukio likiahirishwa bila tarehe mpya unaacha tarehe ya zamani unaweka EventPostponed, likipata tarehe mpya unaibadilisha unaweka EventRescheduled na tarehe ya awali unaitaja pembeni, likifutwa EventCancelled. Ukurasa unabaki. Unabaki! Juu yake unaandika kwa herufi za kuonekana kwamba limeahirishwa. Siku mkutano unapoahirishwa ndo siku watu wanakuhitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Anwani nazo zilinitesa. Mwanzo nilikuwa naweka mwaka ndani ya anwani, ikifika Januari nafanya usafi, nafuta za mwaka uliopita zote. Watu walioniwekea linki kwenye saiti zao wakawa wanaangukia kwenye 404, yaani ukurasa haupo, na mi kila mwaka naanza sifuri kama mgeni. Siku hizi mkutano una anwani moja ya kudumu isiyo na mwaka, toleo jipya likitangazwa nasasisha pale pale, na lililopita nalishusha chini kama historia. Kama ulishafanya kosa langu, anwani za zamani zielekeze kwenye ya kudumu kwa 301, ile amri ya kusema ukurasa umehama moja kwa moja. Toleo lililopita likiwa na mambo mengi ya maana unaweza kulipa ukurasa wake wa kumbukumbu, lakini ule mkuu usiguswe. Na ile orodha ndefu usiitupe, igeuze iwe mlango, kila jina liwe linki ya kawaida inayokwenda kwenye ukurasa wake.

Sasa kilichotokea mwezi uliopita. Waandaaji wa mkutano mmoja, ambao niliwahi kuwaandikia mara tatu kuomba tu ratiba na hawakunijibu hata neno, wameniandikia wenyewe. Wanaomba nibadilishe maelezo ya lango la kuingilia kwenye ukurasa wangu kwa sababu washiriki wanafika wakiwa na maelezo yangu kwenye simu. Niliisoma ile barua pepe mara nyingi sana. Nikabadilisha siku ile ile, nikawashukuru, na sikuwakumbusha zile barua tatu.

Kwa hiyo ndugu zangu wenye ndoto hii, acheni kushindana kwa wingi. Acheni kujisifu mna mikutano mia tano wakati hamna hata mmoja mliouelezea. Huyo mtu anayetafuta anatumia pesa yake kusafiri na ameomba ruhusa kazini, anastahili jibu kamili sio mstari. Ukishindwa kuandika aya tatu za kweli kuhusu mkutano, bado huujui, nenda kauulizie kwanza. Na msiweke tarehe ambayo hamjaithibitisha kwa waandaaji.

Dada yangu uliyeniandikia, jedwali lako liache hapo hapo lilipo. Chagua mitano unayoijua vizuri, andika mmoja leo usiku, uupe anwani bila mwaka, jina lake kwenye jedwali liunganishe na ukurasa huo, kisha uikague hiyo anwani kwenye Search Console na uombe iingizwe. Ukimaliza wa tano nitumie linki nizisome.