Kuhusu dubu wa Alaska

Dada, umeuliza kama filimbi inatosha kumfukuza dubu mkienda kupiga kambi Denali, ile hifadhi ya taifa ya Alaska, mwezi wa saba. Haitoshi. Nunueni kopo la pilipili ya kupuliza, ile ya dubu hasa, na mlinunue mkishafika Alaska, maana haliruhusiwi kwenye ndege ya abiria hata kwenye mizigo ya chini. Likae kiunoni, si ndani ya begi. Fanyeni na mazoezi: kidole gumba kinavuta kile kizuizi cha plastiki, unalenga chini kidogo mbele yako. Mimi mara ya kwanza vidole viligoma, na hapakuwa na dubu wowote! Akikujia mbio, pulizia akiwa mita 9 hivi.

Vichakani na kando ya mito yenye kelele, ongeeni kwa sauti, pigeni makofi. Dubu aliyeshtushwa, hasa mwenye watoto, ndiye wa kuogopwa. Mkimwona msikimbie kamwe, hamtamshinda. Semeni naye taratibu huku mkirudi nyuma.

Chakula, dawa ya meno, hata sabuni, vyote viwekwe kwenye pipa gumu la kuzuia dubu, mita 90 au zaidi kutoka hemani.

Rangi isikudanganye, tazama nundu mabegani: dubu wa kahawia (grizzly) anayo, yule aitwaye dubu mweusi hana. Mwenye nundu akikukamata kwa kujihami, lala kifudifudi, mikono shingoni, begi mgongoni, utulie. Dubu mweusi akikushambulia, pigana naye. Na yeyote atakayeingia hemani usiku, pigana naye kwa nguvu zako zote.